Ganzi imenikataa kwenye gego la chini, naogopa kurudi kwa daktari. Naombeni ushauri

FundiSimuMoro

Wakuu habari za jioni, naombeni msinicheke maana hapa nilipo naandika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika shavu.

Nina gego la chini kushoto, la pili kutoka mwisho, lilitoboka kitambo tu, nikawa nachokonoa nyama na kijiti nikimaliza kula, maisha yanaendelea. Mwezi wa pili likaanza kuuma usiku. Mchana limetulia kabisa, ila nikilala tu kichwa kikigusa mto linaanza kugonga kama kuna mtu ndani anapigilia misumari. Nikaweka karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, Panadol nimekula mpaka mke wangu akazificha. Mwisho nikajikaza nikaenda kliniki moja hapa mjini, jina siitaji.

Sasa kilichonikuta. Nimekaa kwenye kiti, daktari kachoma sindano ya ganzi kule nyuma kabisa karibu na koo, akatoka kupokea simu, akarudi, naona hata dakika tatu hazijaisha akawasha ile mashine. Mdomo ulikuwa umeanza kufa ganzi kweli, nusu ya mdomo na kidevu vizito kama si vyangu, lakini mashine ilipogusa jino niliruka kama nimekanyaga waya wa umeme. Nikamwambia dokta nasikia, akaniambia vumilia, mwanaume mzima wewe. Akachoma tena pale pale, akaendelea, nikasikia tena. Ya tatu ndo akasema wewe ganzi inakukataa, damu yako nzito, akajaza dawa ya muda ile nyeupe akaniambia nirudi baada ya wiki 2 amalizie.

Sijarudi, hii ni wiki ya 6. Dawa yenyewe imetoka juzi na kipande cha muhogo na shimo sasa hivi ncha ya ulimi inazama. Halafu kuna kitu kipya, nikinywa chai ya moto linapiga hatari, nikiweka maji ya baridi linatulia, kwa hiyo nashinda dukani na chupa ya maji ya friji kama mtu wa mazoezi.

Hivi kweli kuna watu ganzi inawakataa? Na kama inanikataa watanifanyaje, nitalazwa usingizi kabisa au?

Mjomba wa Chalinze

Ng'oa mkuu mambo yaishe. Mie nimeng'oa manne na nyama nakula kama kawa.

MamaPacha_Tga

Mjomba we nawe, kwani wa kung'oa anang'oa na nini kama si ganzi hiyo hiyo? Kaka wa watu kasema ganzi haikushika, unamwambia akang'oe, ndo ashike kiti kwa meno au?

Halafu kung'oa nako usikuchukulie rahisi. Mimi niling'oa gego la chini nikiwa chuo kisa hela ya kuziba sina, leo lile la juu linalotazamana nalo limeshuka taratibu mpaka naliona limening'inia kuliko wenzake, chakula kinakwama hapo kila siku, na natafunia upande mmoja miaka 9 sasa. Ningejua ningekopa.

Kipara Ngoto

Siri ni kupiga kinywaji mbili tatu kabla ya kwenda, hata mashine utaisikia kama redio ya jirani

MamaPacha_Tga

Utaisikia kama redio halafu daktari akufukuze unanuka pombe. Watu bwana.

Tabibu_Kinywa

Mkuu pole sana. Mimi ni tabibu wa meno, nipo mkoani huu mwaka wa 11 nachungulia midomo ya watu, na kabla ya yote nikutoe wasiwasi, hakuna cha damu nzito hapo. Ganzi kazi yake ni kwenye neva, siyo kwenye damu, na kama mwili wako ungekuwa unaikataa basi hata mdomo na kidevu visingekufa. Vilikufa. Kwa hiyo dawa ilifanya kazi, ila haikulifikia jino vya kutosha.

Gego la chini ndo linaongoza kwa usumbufu huu na sababu ni mfupa. Taya la juu mfupa wake mwepesi, una vitundu vitundu, ukichoma kwenye ufizi karibu na jino dawa inalowa yenyewe mpaka kwenye mzizi. Taya la chini kwenye magego ni zege tupu, dawa haipenyi, ndo maana tunaifuata neva kule nyuma kabla haijaingia ndani ya mfupa. Ni sawa na kwenda kuzima umeme kwenye nguzo ya mwanzo wa mtaa badala ya kuzima nyumba moja. Sasa hiyo nguzo hatuioni, tunaikadiria kwa kupapasa, na taya la kila mtu limeumbwa kivyake, ukikosea milimita chache dawa inaishia kwenye nyama. Hata ukipatia, mdomo unaweza kufa ndani ya dakika chache lakini jino lenyewe likachelewa mpaka dakika 10, wengine 15. Mdomo kufa siyo ushahidi kwamba jino limekufa, wengi tunasahau hapo hata sisi wenyewe wenye sindano. Daktari wako alikuwa na haraka, na kurudia pale pale mara tatu ni kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe ameshahama.

Ila na jino lako nalo lina lake. Kuuma lenyewe usiku, moto unapiga, baridi inatuliza, mara nyingi hiyo maana yake neva ya ndani imevimba vibaya na inaelekea kufa. Neva iliyochokozwa hivyo haizimiki kirahisi hata dawa ikifika, na kama kuna usaha ndo zaidi, maana penye usaha pana asidi, na dawa ya ganzi ikikutana na asidi sehemu kubwa yake inageuka haiwezi tena kupenya kuingia ndani ya neva. Ungekuja lilipokuwa kitobo tu cha kukwamia nyama, pengine ingekuwa sindano moja, nusu saa, umeziba, umeondoka.

Dawa ya hili ipo na siyo kulazwa usingizi, kwa jino moja mtu mzima huko ni nadra sana. Kuna sindano nyembamba ya nyongeza inayoingia pembeni, katikati ya jino na mfupa. Kuna dawa nyingine inaitwa atikeini, inapenya mfupa vizuri kuliko lignokeini tuliyozoea, tunaiongeza upande wa shavuni, shida yake haipo kila kituo. Na jino likishafunguka kidogo unaweza kuweka tone moja la ganzi, moja kwa moja kwenye neva yenyewe, hiyo sikudanganyi inauma, sekunde chache, halafu kimya kabisa.

Kuhusu kuziba, kwa maelezo yako sidhani kama kuziba kwa kawaida kutatosha tena. Ama utatibiwa mzizi, hii mnayoita kuua jino, ama ling'olewe, eksirei ndo itakayosema na mimi nikiwa huku sijaliona siwezi kukuapia.

Ukienda sema mapema, kabla hajashika chochote: safari iliyopita ganzi haikushika, naomba tusubiri na ulijaribu jino kwanza. Kuna dawa ya baridi tunaigusisha kwenye jino na pamba, ukiisikia bado tunaongeza. Kubalianeni ukinyanyua mkono wa kushoto anasimama. Kula kabla ya kwenda, njaa ikikutana na hofu watu wanazimia kitini, na wanaozimia wengi ni nyie wanaume wazima. Kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo muulize daktari kuhusu kumeza ibuprofen saa moja kabla, kwa jino lenye neva iliyovimba huwa inasaidia ganzi kushika.

Na usikae nalo. Shavu likivimba mpaka chini ya taya, mdomo ukawa haufunguki, kumeza mate shida, homa juu, hapo husubiri asubuhi wala hununui antibayotiki duka la dawa, unaenda hospitali usiku huo huo. Usaha wa gego la chini unashuka shingoni na unaziba njia ya hewa.

FundiSimuMoro

Daktari ubarikiwe, hii ya mdomo kufa jino halijafa sijawahi kuambiwa na mtu. Swali la nyongeza, ile sindano ya pili moyo ulianza kukimbia na mikono ikatetemeka nikajua nakata moto, ndo aleji au?

Tabibu_Kinywa

Kwa kawaida hapana. Ndani ya hicho kichupa cha ganzi mara nyingi kuna adrenalini kidogo sana, kazi yake kuibana mishipa ya damu ili dawa isisombwe haraka. Ikipita kidogo kwenye damu unasikia moyo unakwenda mbio dakika chache kisha unatulia, ukijumlisha na hofu yako mwenyewe ndo kabisa. Kuchoma taratibu kunapunguza. Aleji ya kweli ya lignokeini ni nadra mno, lakini mtaje daktari kilichotokea, na kama una presha au moyo sema pia, asikuambie mtu ni jambo dogo.

Bi Shumba

Mimi nina neno la karafuu hapo, mie mtu wa Pemba. Karafuu si uzushi jamani, mafuta yake yanatia ganzi kidogo kweli na ile harufu mnayoisikia mkiingia kwa daktari wa meno ndiyo hiyo hiyo, imo kwenye dawa yao ya kujazia kwa muda. Lakini karafuu inakupa usiku mmoja, haizibi tundu. Na msimwage mafuta yenyewe yakashuka kwenye ufizi, yanaunguza, mie nilibabuka. Sasa wale wanaotia maji ya betri ndio siwaelewi, nimemuona mtu kwa macho yangu, jino bado linauma na ufizi umeoza juu yake.

Um_Swaleh (Mombasa)

Bi Shumba wallahi umenikumbusha, kuna jirani alinambia nitie unga wa aspirini kwenye jino, shavu ndani likafanya jeupe kama limepikwa.

Mie nilikuwa na mimba ya miezi mitano nikadungwa ganzi, nyumbani kila mtu ananambia utamuua mtoto, mama mkwe ndio usiseme. Daktari akanambia ganzi haina neno, na miezi ya kati ndio mizuri, kibaya ni kukaa na usaha mwilini na huli hulali. Nikazibwa, mtoto sasa ana miaka 6 na mwenyewe kashaanza kwenda kwa daktari wa meno. Huyo ndiye aliyenitoa machozi, alidungwa ganzi ya chini, tukarudi nyumbani nikaingia jikoni nikamwacha na katuni, kurudi nikakuta katafuna mdomo wake mpaka umevimba kama papai, kwa kuwa hausikii anaona mchezo. Wenye watoto, masaa matatu manne baada ya ganzi usimtoe machoni na usimpe cha kutafuna.

baba J

Hapo kwa watoto hapo. Wangu wa miaka 7 ana vitobo viwili, gego za chini, haviumi. Akisikia mlio wa mashine anageuka chui. Niache tu si yatatoka?

Tabibu_Kinywa

Usiache, magego ya utotoni yanakaa mpaka miaka 10, 11, hata 12, na usaha wake unaharibu jino la ukubwani lililokaa chini linasubiri zamu. Kama haviumi una bahati, uliza kama wanafanya ile ya kukwangua kwa mkono, haina mashine. Uozo laini unatolewa na kijiko kidogo cha chuma halafu linajazwa simenti inayogandiana na jino na kutoa floridi taratibu, watoto wengi hawahitaji hata ganzi. Na hii siyo ya kubabaisha wala ya maskini, dunia nzima inafundishwa na ilianzia hapa hapa kwetu, katikati ya miaka ya 80, kwenye mpango wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wa kutibu meno vijijini kusiko na umeme. Huwa nasikia raha kidogo nikiwaambia watu hilo.

Njia nyingine ni dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, unapaka tu tone kwenye kitobo, inasimamisha uozo. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Ubaya wake kitobo kinageuka cheusi tii na hakirudi, kwa gego la nyuma nani anaona, kwa jino la mbele mama zao wananikatalia.

Chuga Boy

Daktari samahani natoka nje ya mada kidogo, sisi wa Arusha meno yana rangi ya kahawia tangu utoto, hiyo ndo kutoboka?

Tabibu_Kinywa

Hapana, hiyo ni floridi nyingi ya maji ya kule mlima Meru, jino lilipokuwa linajijenga ndani ya taya likaipata kupita kiasi. Kahawia siyo uozo. Ila usijidanganye kwamba halitatoboka, soda ya kunyonya kidogo kidogo kutwa nzima inatoboa hata meno ya Chuga. Wadudu wa mdomoni wanakula sukari wanatoa asidi, kila ukipiga fundo moja unawaandalia tena, ni heri uimalize yote na chakula. Na mkipiga mswaki usiku temeni povu, msisuuze na maji kikombe kizima, mnaitoa dawa yote.

Mjomba wa Chalinze

Kumbe kusuuza nako kosa, miaka 50 hii

FundiSimuMoro

Wakuu narudi na mrejesho, nimeenda leo. Kliniki nyingine, daktari dada mmoja mpole, kabla hajanilaza nikamsomea maneno ya Tabibu kutoka kwenye simu kama nasoma risala, akacheka akasema sawa.

Eksirei imetoka, uozo umefika kwenye neva, akanipa uchaguzi, kung'oa au kutibu mzizi. Hela ya kutibu mzizi nilikuwa nimeiweka ya matairi mawili ya pikipiki. Nimefikiria jino la MamaPacha linaloning'inia nikasema tibu.

Kanipaka kitu kama jeli kwenye ufizi, kitamu kitamu, ndo akachoma, na akachoma polepole mpaka nikajua amesahau. Tumekaa dakika 12, nimehesabu kwenye saa ya ukutani. Mdomo umekufa, kidevu kimekufa, akagusisha pamba ya baridi kwenye jino nikaisikia, kwa mbali lakini nikaisikia. Safari hii sikujifanya mwanaume, nikanyanyua mkono. Akasema vizuri umesema, akaongeza ile nyembamba ya pembeni, hiyo nilisikia kama jino linasukumwa kutoka, haiumi ila inaogopesha. Akagusisha tena pamba nikamwangalia tu, hamna kitu.

Mashine nimeisikia mlio, na mtikisiko mpaka kwenye sikio, na ile harufu ya kama kwato inachomwa, maumivu sifuri. Ilipofika ndani kabisa kilichoma mara moja kama cheche, akaweka tone lake, nikabana kiti kidogo, basi. Akanionyesha kwenye pamba neva yenyewe aliyoitoa, kiuzi chekundu hakifiki hata urefu wa punje ya mchele wa Kyela. Hicho ndo kilichonikosesha usingizi mwezi na nusu.

Ubaya nimejiletea mwenyewe. Nimetoka saa 5, saa 7 njaa, nikasema chapati ni laini, nikaja kuona damu kwenye chapati, nilikuwa natafuna mdomo. Chai nayo imemwagika yote kwenye shati kwa upande nisiousikia, wateja wanacheka. Um_Swaleh alisema watoto, angeandika na mafundi simu.

Narudi Alhamisi ijayo kumalizia mizizi, ana siku moja ya kusafisha na moja ya kujaza.

MamaPacha_Tga

Hongera kaka. Na amekuangalia mengine au ni hilo tu?

FundiSimuMoro

Ameangalia. Kuna la kulia juu lina kidoa cheusi, anasema bado dogo.

Tabibu_Kinywa

Alhamisi hiyo hiyo mwambie aliangalie na hilo. La juu ganzi yake dakika tatu.